Pumzi za Kaka Rozi

Usiku kucha Rozi alikohoa, na kulipopambazuka akakana.

"Moshi huo," alisema. "Sarwar hajui kuwasha jiko. Anatupikia moshi."

"Moshi wangu angalau una chumvi," Sarwar alijibu huku akimimina chai ya siagi. "Kunywa, mzee, uache kunisingizia."

Rozi alikishika kikombe kwa mikono miwili, lakini hakunywa. Alikuwa amekaa kitako, mgongo ameuegemeza kwenye mizigo, kwa sababu kila alipojaribu kulala chali alihisi kama kuna mtu amemkalia kifuani. Mdogo wake Taki alikuwa karibu naye kuliko Sarwar, na Taki hakucheka. Alikuwa akisikiliza kitu kingine kilichokuwa chini ya maneno. Kila Rozi alipovuta hewa, kifua kilitokota kama sufuria iliyofunikwa. Midomo yake ilikuwa imeiva rangi ya zambarau. Alipojikongoja hadi mlangoni mwa hema na kutema, mate yaliyoanguka juu ya theluji yalikuwa na povu jekundu.

"Kaka," Taki alisema, "hayo ni mapafu."

"Ni umri."

"Ni maji, kaka. Umeingiwa na maji mapafuni. Inabidi tushuke."

"Umesomea udaktari lini?" Rozi alisema, kisha kikohozi kikamkatiza, na kilipomwachia hakuwa na nguvu ya kumalizia dhihaka yake.

Walibaki watatu tu pale kambini, juu mlimani. Watalii na wapagazi wengine walikuwa wameshuka mapema. Rozi, ambaye ndiye msimamizi wa wapagazi wote wa safari ile, alikuwa amebaki nyuma na mdogo wake na mpishi ili wang'oe mahema na kuteremsha mizigo ya mwisho. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini theluji ilikuwa imeanza kabla hawajakunja hema la kwanza, na tangu hapo haikukoma. Njia ya kushukia ilikuwa moja, nayo ilipita chini ya mteremko ambao wapagazi wa Hushe, kijiji chao, waliuita Mama Mkwe, maana ukipita mbele yake huinui macho, hupazi sauti na wala hukawii. Tangu usiku Mama Mkwe alikuwa akinguruma. Kila baada ya muda waliisikia theluji ikimporomoka, na ardhi chini ya magodoro ikitikisika.

Katika nchi yao hata mtoto anajua kwamba dawa ya ugonjwa wa juu, penye hewa nyepesi, ni chini. Hakuna nyingine. Na chini kulikuwa kumefungwa.

Sarwar ndiye aliyetamka alichokuwa akifikiria Taki. "Kuna ule mfuko."

"Mfuko gani?" Rozi aliuliza, ingawa alijua.

Mfuko wa hewa ulikuwa kwenye mzigo wa dawa, mwekundu, wa kitambaa kizito kama turubai, mrefu kumpita mtu. Mwanzoni mwa safari kiongozi wa watalii alikuwa amewafundisha wote namna ya kuutumia, na Taki ndiye aliyelazwa ndani kwa majaribio huku wenzake wakiangua kicheko. Mgonjwa analazwa, zipu inafungwa, halafu mtu anaukanyagia hewa kwa pampu ya mguu mpaka unavimba na kuwa mgumu kama ngoma. Hewa ya ndani inakuwa nzito kama ya bondeni, na mwili unadanganyika kuwa umeshuka. Tatizo ni kwamba mkanyagaji hapumziki. Aliye ndani anapumua kile tu anacholetewa na mguu wa aliye nje. Mguu ukisimama, anaanza kuivuta tena pumzi aliyokwisha kuitoa, na pumzi hiyo ni sumu.

"Mimi siingii kaburini na roho yangu," Rozi alisema.

Hakuwa akitania. Zamani, Taki akiwa bado hajaota ndevu, theluji ilimfukia Rozi kwenye malisho ya juu. Wenzake walimfukua akiwa hai, kucha zimeng'oka. Tangu hapo hakuwahi kulala kwenye hema ila kichwa kikiwa upande wa mlango, na nyumbani, hata baridi iwe kali vipi, mlango wa chumba chake uliachwa wazi kidogo.

"Nitatembea," alisema. "Nipe fimbo."

Taki alimpa. Rozi alisimama, akatoka nje, akaingia kwenye weupe ule akiwa wima kama alivyokuwa siku zote. Hakufika mbali. Walimwona akisimama, akiinamia fimbo, kisha magoti yakamkunjika polepole, kama ngamia anayetua mzigo.

Walimbeba hadi mbele ya hema wakamtia mfukoni. Alikuwa amechoka mno kukataa. Taki alipoivuta zipu alikwepa kumtazama usoni, lakini mfuko ulikuwa na kidirisha cha plastiki juu ya kichwa, na nyuma yake macho ya Rozi yalimfuata.

"Ya Ali," Taki alisema, akakanyaga.

Hewa iliingia ndani. Mfuko ukajinyoosha, ukajiinua, ukafura. Baada ya muda valvu iliyokuwa ubavuni ilianza kupiga mluzi, dalili kwamba umejaa, na kuanzia hapo kazi ilikuwa ni kutouacha. Taki alikanyaga kwa mwendo wa kumswalia Mtume, kama wapagazi wanavyofanya kwenye mwinuko. Mguu chini, Allahumma swali; mguu juu, ala Muhammad. Sarwar alipokea, Taki akapumzika, halafu Taki akapokea tena.

Na ikafaa. Midomo ya Rozi iliondokwa na uzambarau, macho yake yakatulia. Aliinua kidole gumba nyuma ya kidirisha.

"Umeona?" Sarwar alisema akihema. "Yuko Khaplu bondeni huyo. Amelala chini ya mti wa aprikoti, sisi ndio tuko hapa. Muulize bei ya ngano imefika ngapi."

Taki alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Waliamini kwamba kufikia adhuhuri theluji ingekatika.

Haikukatika. Walilazimika kumfungua Rozi apate kunywa maji na kujisaidia, na walipofungua alitoka akisema amepona, hana haja na upuuzi ule tena. Alikunywa chai. Alimkemea Sarwar kwa kumaliza mafuta ya taa. Kisha, wakiwa bado wanaongea, kifua kikaanza kutokota upya. Kilianza chini, kikapanda, na uso wake ukawa wa kijivu kama majivu yaliyomwagiwa maji.

"Kaka, rudi ndani."

"Siendi."

"Kaka Rozi."

"Taki, nimesema siendi! Humo ndani unasikia roho yako inavyokwenda. Hugeuki. Unauona mkono wako mwenyewe unakuziba." Alimkamata mdogo wake kifundo cha mkono. "Usinirudishe. Mimi ndiye nakwambia."

Tangu baba yao alipofariki, neno la Rozi lilikuwa neno la nyumba. Rozi ndiye aliyechagua shamba gani lilimwe, Taki amwoe nani, safari gani waende. Taki alikuwa amebeba mizigo ya Rozi tangu ujana na hakuwahi hata mara moja kumjibu hapana. Wala hakusema hapana siku hiyo. Alisema, "Ndiyo, kaka," akampenyeza mikono kwapani, na yeye na Sarwar wakamrudisha ndani na kufunga zipu huku akirusha miguu.

Mara ya pili haikuwa kama ya kwanza. Rozi hakutulia. Aliupiga mfuko kwa viganja kutoka ndani, na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ng'ambo ya ukuta.

"Fungua!"

"Ndiyo, kaka," Taki alijibu, akakanyaga.

"Taki! Nimekulea mimi! Nimekulisha mimi!"

"Ndiyo, kaka."

Sarwar alikuja kupokea, akakanyaga kidogo, kisha akaacha ghafla, akageuka pembeni na kutapika. Alijifuta kwa theluji na kurudi. Akakanyaga tena. Taki aliona uso wake umelegea na macho yake yanatafuta mahali pa kutua.

"Kichwa," Sarwar alisema. "Kama kuna mtu anakata kuni humu ndani." Alijaribu kuinua mguu, ukainuka nusu. Akautazama kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine. "Nisamehe, ndugu yangu. Haukubali."

"Kalale."

"Dakika mbili tu."

Aliangukia mlangoni mwa hema, na hizo dakika mbili zikapita, zikapita na nyingine nyingi. Sarwar hakuwa mvivu. Alikuwa ni mtu wa kuamka kabla ya wote na kulala baada yao, na kwa siku kadhaa alikuwa amekula mabaki. Sasa mwili wake ulikuwa umefunga duka.

Taki akabaki peke yake na pampu.

Kwanza kilichomuuma ni paja, juu ya goti. Akabadili mguu. Mguu wa kushoto haukuzoea, ulikanyaga upande, hewa ikavuja, akarudi wa kulia. Kisha nyonga. Kisha mapafu, kwa maana hewa ya pale ilikuwa nyepesi hata kwa mtu aliyekaa tu, na kila alipoisukuma kwa kaka yake alijiona kama mtu anayegawa mkate akiwa na njaa. Jasho lilimtoka mgongoni na papo hapo likamgandia. Swala aliyokuwa akiipigia mwendo ilimpotea. Alijikuta akisema neno moja tu, halafu hata hilo likabaki pumzi.

Alipokuwa kijana wazee walimsifu kwamba hachoki. Hawakujua. Alikuwa akichoka kama wote, ila alikuwa na hila yake: alichagua jiwe mbele na kusema, nitatua pale, akifika, anachagua jingine. Mwili unavumilia mambo mengi ukionyeshwa mwisho. Hapa hakukuwa na jiwe. Kulikuwa na weupe pande zote, pampu ileile, na mfuko mwekundu unaopigwa kutoka ndani. Hakujua kama anabakiza nguvu kwa ajili ya muda mfupi au kwa siku nzima, na kutojua huko kulimla kuliko baridi.

"Taki," Sarwar aliita kwa sauti ya kukwaruza, akiwa amelala. "Kunafunguka upande wa bonde. Naona ukingo wa mlima wa pili."

Papo hapo mguu wa Taki ukawa mwepesi. Hakuuamuru. Ulishuka wenyewe kwa nguvu, ukapanda, ukashuka, valvu ikapiga mluzi kwa furaha, na maumivu ya nyonga yakarudi nyuma kama mbwa aliyekemewa. Alikanyaga hivyo kwa muda mrefu kabla ya kupata wasaa wa kugeuza shingo kutazama.

Hakukuwa na mlima wa pili. Hakukuwa hata na wa kwanza.

"Umenidanganya."

"Mguu wako umenishukuru," Sarwar alisema.

"Nitakuua, Sarwar. Wallahi nikimaliza hapa nakuja kukuua."

"Njoo. Ukifika niamshe."

Hasira yake haikuwa kwa Sarwar tu. Nguvu ile ilikuwa imetoka wapi? Muda mfupi kabla alikuwa ameapa kwamba hana tena hata tone. Hakula kitu, hakupumzika, hakuna kilichoongezeka ila uongo. Basi ilikuwako. Mwili wake mwenyewe ulikuwa umeificha chini ya mkeka, ukamwambia imekwisha, kama mke wa bahili anayeficha unga mgeni akija. Na kama umemdanganya mara hii, umemdanganya mara ngapi? Atajuaje siku itakapokuwa kweli?

Sarwar alijiburuta hadi kwenye sanduku la jikoni na kurudi na bonge la sukari. Alimtia Taki mdomoni kwa vidole vyake, kama anayemlisha bwana harusi. Sukari ilikuwa bado haijafika kooni, mguu ulikuwa umeshapata habari. Taki alikanyaga akitabasamu bila kutaka, meno yakisaga bonge lile. Baadaye kidogo sukari ikaisha, na sanduku lilikuwa tupu.

Mama Mkwe alinguruma tena. Theluji iliyosukumwa na upepo wake iliwafikia kama vumbi.

Ndipo mguu uliposimama.

Haukumtaarifu. Taki alikuwa ameuinua, na alipotaka kuushusha haukushuka. Alibaki ameuning'iniza hewani kama korongo, paja likitetemeka lenyewe, akilitazama. Aliuamuru. Aliutukana. Alilisukuma goti kwa mikono yote miwili, mguu ukadondoka kando ya pampu, naye akaanguka nao. Valvu ikaacha kupiga mluzi. Kimya kikaja.

Mfukoni, Rozi aliacha kupiga.

Taki alitambaa mpaka kwenye kidirisha. Plastiki ilikuwa imejaa ukungu wa pumzi. Mkono ulipita ndani na kuufuta, na uso wa kaka yake ukatokea karibu kabisa na wake. Hakuwa tena msimamizi wa wapagazi, wala hakuwa akiamuru kitu. Macho yalikuwa makubwa. Midomo ilikwenda ikitamka kitu, lakini hakuna sauti iliyopita. Ukungu ukarudi ukamfunika, polepole, kuanzia kwenye kingo. Safari hii mkono haukuja kuufuta.

Zipu ilikuwa pale pale, kando ya shavu lake. Angeweza kuivuta. Rozi angefurahi, angetoka, angeshukuru kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, halafu angezama ndani ya kifua chake mwenyewe mbele ya macho yao. Na Taki angepumzika. Ilimjia wazi hivyo: fungua, umtii, upumzike. Hakuna mtu Hushe nzima ambaye angemlaumu.

Alipiga magoti mbele ya pampu, akaweka viganja juu yake, akaiangukia kwa kifua.

Hewa ikapita. Akajiinua, akaanguka tena. Mikono haikudumu. Alipochoka mikono aliikalia pampu, akainuka kidogo, akaikalia, kama mtoto anayecheza, huku machozi yakimtoka na kugandia ndevuni, naye hajui kama analia kwa ajili ya Rozi au kwa ajili ya nyonga yake. Valvu ikapiga mluzi hafifu. Hakuthubutu kutazama kidirisha.

Kitu kilimgusa bega. Sarwar alikuwa ametambaa nje ya hema.

"Sogea."

"Huwezi wewe."

"Kwani wewe unaweza?"

Wakapiga magoti wakitazamana, pampu katikati. Sarwar aliweka mikono yake juu ya mikono ya Taki, wakasukuma wote wawili, vichwa vyao vikigongana.

"Tazama kioo," Taki alisema. "Mimi siwezi."

Sarwar alinyoosha shingo. Akanyamaza muda ambao Taki aliuona mrefu.

"Sarwar!"

"Anatutazama," Sarwar alisema. "Amekasirika sana. Alhamdulillahi, amekasirika sana."

Waliendelea hivyo, wakisukuma, wakilaliana mabegani, mmoja akisinzia mwenzake anampiga kichwa. Hawakuona theluji ilipokatika. Walichoona ni vivuli vyao wenyewe vimetokea chini, vya buluu, na walipoinua macho jua la alasiri lilikuwa limetoboa, bonde limekaa wazi mpaka chini kabisa kwenye majani, na Mama Mkwe amenyamaza, amemwaga chote alichokuwa nacho.

Walifungua zipu. Rozi alitoka amelowa kama aliyezaliwa upya, akakaa na kupumua. Kifua kilikuwa bado na maji, lakini maji machache. Sarwar, ambaye alidai kichwa kimepona na ambaye wote waliona hakijapona, alimbeba kwa mbeleko ya kamba, na Taki akafuata nyuma akishikilia, mguu wa kulia akiuburura. Walipita chini ya Mama Mkwe bila kuinua macho. Nusu ya njia walikutana na wapagazi waliokuwa wakipanda kuwatafuta, wamebeba machela na mkate, na kuanzia hapo Taki hakukumbuka vizuri.

Asubuhi aliamkia malishoni, kwenye kibanda cha wachunga mbuzi. Rozi alikuwa amelala chali kando yake. Chali kabisa, mikono tumboni, akitazama paa.

"Nilikuamuru ufungue," Rozi alisema bila kugeuka.

"Nilisikia."

"Hukutii."

"Sikutii, kaka."

Mbuzi walilia nje. Rozi alimgeukia. "Uliacha," alisema. "Kuna wakati uliacha kukanyaga. Nilikuona umelala chini. Nikajua basi. Nilikuwa nataka uache tangu asubuhi. Ulipoacha, nikakuombea kwa Mungu usiache."

Taki alinyoosha mkono kumfunika blanketi, na Rozi akamwachia amfunike.

Daktari wa Khaplu alimsikiliza Rozi kifua mbele na nyuma, akasema mapafu yatapona, lakini mtu ambaye yamemjaa maji namna ile asipande tena juu ya malisho. Rozi alirudi Hushe, akakaa barazani. Watu walikuja kumjulia hali, na kila aliyekuja alisimuliwa. Katika simulizi ya Rozi hakukuwa na kuanguka wala kulia. Kulikuwa na mdogo wake tu, amesimama juu ya pampu kutwa nzima. "Huyu hachoki," alisema akimshika Taki bega. "Nilikuwa ndani, nimeona kwa macho yangu. Huyu Mungu hakumuumbia kuchoka." Na wageni walimtazama Taki kama wanavyotazama nyumbu mzuri sokoni.

Wakala wa safari alipokuja kutoka mjini Skardu kuulizia nani atasimamia wapagazi msimu ujao, Rozi hakumwacha amalize. Alimwonyesha Taki kwa kidevu. Taki alifungua kinywa. Nyonga yake ilikuwa bado inauma kila alipoamka. Alikuwa na maneno tayari: kwamba anataka kubaki chini, apande miti ya mipopla kando ya mto, afuge. Lakini nyumba za kulisha zilikuwa mbili sasa na mabega yaliyobaki yalikuwa mawili tu, na kaka yake alikuwa akimtazama kwa fahari ambayo hakuwahi kumwonyesha tangu wakiwa watoto.

"Ndiyo, kaka," alisema.

Alipanda kiangazi kile na kilichofuata. Alikuwa msimamizi mzuri, wapagazi walimpenda, ila walilalamika jambo moja: mtu akimwambia amechoka, Taki humtazama sana usoni, kana kwamba anatafuta kitu nyuma ya macho yake, halafu anamwambia apumzike bila kusema kama amemwamini. Yeye mwenyewe hakuchagua tena mawe ya kutulia mzigo. Magoti yalipomwambia basi, alijiuliza kama ndiyo kweli au ni ule uongo, na kwa kuwa hakupata jibu, aliendelea kutembea.

Mwisho wa msimu wa pili alirudi nyumbani jioni, aprikoti zikiwa zimeanikwa juu ya mapaa yote. Mkewe Hakima alimvua buti, akaona soksi ya kulia imegandana na damu kisigino kizima, na Taki hakuwa ametaja.

"Umechoka?" alimuuliza.

Taki alitafakari. Aliutazama mguu wake mapajani mwa mkewe, akajaribu kweli kweli kuusikiliza.

"Sijui," alisema.

Hakima alidhani ni mzaha. Alipoinua uso na kuona si mzaha, aliweka soksi chini, akaenda kuchemsha maji.